Mikataba ya biashara na uwekezaji inabana vipi sheria za afya ya jamii?

Mdadisi
Ndugu wanajukwaa, ninaomba kueleweshwa. Ninasoma afya ya jamii, na kila tunapogusia tumbaku au vinywaji vyenye sukari nyingi, tunaambiwa kuwa wizara ya afya haiamui peke yake, kwa sababu mikataba iliyokwisha kutiwa saini na wizara ya biashara inaweza kuikwamisha. Ikiwa bunge lina mamlaka ya kutunga sheria, kampuni ya nje inapata wapi nguvu ya kuipinga sheria hiyo, na je, hushinda?

Msomasheria
Nguvu hiyo hutoka katika kifungu kilichomo kwenye mikataba mingi ya kulinda uwekezaji, kinachomruhusu mwekezaji wa nje kuishtaki serikali mbele ya wasuluhishi wa kimataifa na kudai fidia. Uruguay iliagiza onyo la afya lifunike asilimia 80 ya pakiti ya sigara, mbele na nyuma, na kila chapa iuzwe kwa muundo mmoja tu, ili mvutaji asidhani kwamba pakiti ya rangi hafifu ina madhara madogo. Mwaka 2010 kampuni ya sigara ya Philip Morris iliishtaki kwa kutumia mkataba wa Uruguay na Uswisi. Uruguay ilishinda Julai 2016, na kampuni ikaamriwa kuilipa dola milioni 7 kufidia gharama za kesi. Australia, iliyotunga sheria ya pakiti zisizo na nembo mwaka 2011, ilishtakiwa na kampuni hiyohiyo kupitia mkataba wa Australia na Hong Kong. Shauri hilo likatupwa Desemba 2015, kwa kuwa kampuni ilihamishia Hong Kong umiliki wa hisa za biashara yake ya Australia wakati mgogoro ulikwisha kuonekana unakuja.

Kwa hiyo katika kesi hizo mbili kampuni ilishindwa, lakini mimi hukumu hizo hazinitulizi. New Zealand ilitangaza mwaka 2013 kwamba itaiga pakiti za Australia, ikasita kwa kusubiri mashauri yale, na sheria yake ikaanza kutumika mwaka 2018 tu. Ucheleweshaji wa namna hiyo hauandikwi katika hukumu yoyote, na kwa maoni yangu ndiyo madhara makubwa kuliko fidia yenyewe.

Mfamasia
Kwenye dawa, mbano hauhitaji hata kesi. Mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani, ulioanza kutumika mwaka 1995, unataka hataza, yaani haki ya pekee ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, ilindwe kwa miaka 20 tangu maombi yalipowasilishwa. Azimio la Doha la shirika hilo, la mwaka 2001, lilithibitisha haki ya serikali kutoa leseni ya lazima, yaani kuruhusu kiwanda kingine kitengeneze dawa bila ridhaa ya mwenye hataza. Lakini nchi isiyo na kiwanda ingemwagiza nani? Utaratibu wa kuagiza kutoka nje ulipitishwa mwaka 2003, na Rwanda ilipoutumia kupata dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI kutoka Canada, ilitoa taarifa mwaka 2007 na shehena ya kwanza ikasafirishwa mwaka 2008. Kwa mgonjwa anayesubiri dozi, huo ni muda mrefu kupita kiasi.

Mchumi wa Afya
Ningependa tusiitie biashara yote kapu moja. Ushindani wa viwanda vya India ndio uliosaidia kushusha bei ya dawa hizo, kutoka zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa kwa mwaka hadi dola 350, bei iliyotangazwa na Cipla, kampuni ya India, mwaka 2001. Mwaka huohuo, katika Shirika la Biashara Duniani, Canada ilishindwa ilipopinga marufuku ya Ufaransa dhidi ya asbesto, madini ya nyuzinyuzi yanayosababisha saratani, kwa kuwa marufuku hiyo ililinda afya ya binadamu.

Mdadisi
Ninawashukuru. Je, mkataba unaweza kuandikwa ili sheria ya afya isishtakiwe kabisa?

Msomasheria
Unaweza, na umekwisha kuandikwa. Mkataba wa biashara wa CPTPP, ulioanzishwa na nchi za ukanda wa Pasifiki na kuanza kutumika Desemba 2018, unairuhusu kila nchi mwanachama kukataa madai ya wawekezaji dhidi ya hatua zake za kudhibiti tumbaku. Kasoro yake ni kwamba kinga hiyo mahususi inahusu tumbaku peke yake. Pombe na vinywaji vyenye sukari havikuingizwa.