Naomba ushauri: nahesabu kwa kompyuta kihisi cha asetoni kwenye pumzi, nimekwama

Mtoto_wa_Moro
Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Nasoma shahada ya uzamili ya kemia. Mama yangu ana kisukari, huu mwaka wa tisa, na ncha za vidole zimekuwa sugu kwa kuchomwa kila siku kupima sukari. Nimekulia Morogoro, kwa panya wa APOPO wanaonusa makohozi na kutambua kifua kikuu, hivyo kunusa ugonjwa kwangu si jambo geni. Mada yangu ni kutafuta kwa hesabu za kompyuta uso utakaonasa asetoni kwenye pumzi, nikitumaini mama atapuliza tu badala ya kuchoma kidole.

Natumia Quantum ESPRESSO, programu ya kuhesabu tabia za atomi. Nilichukua grafini (karatasi ya kaboni yenye unene wa atomi moja), nikang'oa atomi moja ya kaboni, nikapachika alumini. Asetoni ikanata kwa nishati ya elektronivolti 1.2! Nikampelekea msimamizi kwa furaha. Akaniuliza tu, "Ikishanata, itatoka lini?" Sina jibu. Pia nina fedha kidogo: ninunue vifaa vya maabara sasa, au niendelee kuhesabu?

Fundi_Atomi
Mkuu, usinunue kitu bado. Jibu la msimamizi unaweza kulipata kwenye karatasi. Muda wa molekuli kuachia uso unakua kwa kipeo cha nishati ya kunata ukigawanya kwa joto. Ukichukua mitetemo trilioni moja kwa sekunde, kwenye nyuzi 27, nishati ya 0.8 inakupa kama nusu dakika. Hiyo 1.2 yako inakupa zaidi ya miaka 4. Mgonjwa akipuliza mara moja, kifaa kimekwisha kazi. Ukikipasha hadi nyuzi 150 muda unashuka hadi dakika 3 hivi, ila hapo unahitaji kipasha joto na umeme wake.

Halafu, maji umeyahesabu? Pumzi inatoka mapafuni ikiwa imeshiba mvuke. Katika kila molekuli milioni za pumzi, maji ni kama 60,000, asetoni ya mtu mzima wa afya haifiki hata 1 au inazidi kidogo. Alumini inapenda oksijeni, na oksijeni iko kwenye asetoni na kwenye maji pia. Nina wasiwasi maji yatakaa kwenye kiti kabla asetoni haijafika mlangoni.

Mtoto_wa_Moro
Maji sikuyaweka kabisa. Nilihesabu asetoni peke yake kwenye ombwe.

Dada_wa_Zamu
Mdogo wangu, pole kwa mama. Mimi ni muuguzi, hizo atomi nawaachia nyie, lakini kuna jambo lazima ulijue mapema. Asetoni haipimi sukari. Inatuambia mwili unachoma mafuta. Mgonjwa aliyekosa insulini akianza kuingia kwenye hali ya hatari ya ketoni (kemikali zinazotokana na mafuta kuchomwa, asetoni ikiwa mojawapo), pumzi yake inanukia kama matunda yaliyoiva sana, nimeisikia mwenyewe kitandani kwa wagonjwa. Lakini aliyefunga Ramadhani, jioni kabla ya futari, naye asetoni yake inapanda, na hana ugonjwa wowote. Kwa hiyo usimwahidi mama kwamba ataacha kuchoma kidole. Kifaa cha kuonya kwamba ketoni zinapanda, hasa kwa watoto wa kisukari aina ya kwanza, hicho ningekipokea wodini kwa mikono miwili.

Wala usikate tamaa na pumzi. Bakteria wanaosababisha vidonda vya tumbo tunawapima hivyohivyo: mgonjwa anakunywa urea yenye kaboni 13, bakteria hao wakiwepo wanaivunja, na kaboni hiyo inatoka kwenye hewa anayopuliza.

Fundi_Atomi
Dada kasema kweli. Basi fanya hivi. Weka maji, kaboni dioksidi na ethanoli kwenye uso uleule, kila moja peke yake, kisha asetoni pamoja na maji. Washa masahihisho ya mvuto hafifu kati ya molekuli na uso, yale yanayoitwa D3, bila hayo grafini tupu itakudanganya. Na usiishie kwenye nishati: angalia elektroni ngapi zinahama na pengo la nishati linabadilika kiasi gani, maana kifaa kitasoma umeme. Kisha jaribu oksidi ya tungsteni, ambayo watu wa asetoni wameifanyia kazi sana maabara.

Mtoto_wa_Moro
Asanteni sana. Dada, nimesoma maneno yako mara mbili, nimempigia mama nikamweleza. Kasema niwatengenezee hao watoto. Usiku huu naanza na maji.

Fundi_Atomi
Ukipata namba ya maji iweke hapa, hata kama ni mbaya.