Kuchukuliwa alama za vidole ndio uendeshe gari la shule: waliopitia tupeane uzoefu

Suka Mstaafu
Wakuu habari za jioni. Nimepata kazi ya gari la shule huku Mbezi Beach, Coaster, baada ya miaka tisa ya daladala Mbagala. Leseni ninayo, daraja C ipo, chuo cha usafirishaji NIT pale Mabibo nimepita, ila mwenye shule anataka na cheti cha polisi cha tabia njema, kile cha kuchukuliwa alama za vidole. Sasa mimi kabla ya usukani nilikuwa nafyatua tofali, vidole vimelika, ile 2019 ya kusajili laini dada wa kibandani alirudia mara saba mashine inakataa tu mpaka watu wa foleni wakaanza kunisonya. Kuna na jambo jingine nitalisema baadaye. Waliopita huko vipi?

Kipanya cha Jioni
Hahaha ya laini umenikumbusha mbali. Bi mkubwa wangu alirudi nyumbani analia, anasema serikali inamwambia hana vidole.

Mzee wa Tabata
Mkuu, mimi nilichukuliwa kwa wino. Askari anakishika kidole chako yeye mwenyewe, anakizungusha kutoka ukingo wa kucha huku mpaka ukingo wa kule, kimoja kimoja hadi kumi, halafu tena vinne kwa pamoja na gumba. Kosa langu nilikaza mkono nikidhani namsaidia, fomu ikachafuka, akachana. Akaniambia mzee legeza mkono kama umelala. Wewe legeza tu.

Dada wa Kinyerezi
Legeza mkono 😂😂 na mimi niliambiwa hivyo hivyo.

Kijiwe Nongwa
Paka limau usiku.

Mama Saluni
Limau tena jamani? Linakausha ngozi! Mafuta ya mgando wiki nzima, na usishike sabuni ya unga, mwambie shemeji afue.

Kijiwe Nongwa
Kwa hiyo saluni ndio mmekuwa polisi siku hizi.

Suka Mstaafu
Shemeji kasoma hapo kacheka tu, ndoo ya nguo bado iko palepale. Sasa lile jingine: 2012 nilizichapa na konda Buguruni, kisa hesabu, tukapelekwa mahakama ya mwanzo nikalipa faini. Litatokea?

Binti Makini
Litokee tu. Mtu anayepiga watu abebe watoto wetu?

Mzee wa Tabata
Binti, ngumi ya ujana na konda mwenzake unaifananisha na mtu aliyeharibu mtoto? Wewe hujawahi hata kumtupia mtu chupa ya maji?

Binti Makini
Mimi sijawahi mzee wangu, shikamoo, ila msimamo ni ule ule.

Mama Wawili Madale
Nilikuwa napita tu lakini hii mada imenitonesha. Mwaka juzi gari la shule la wanangu, shule siitaji, dereva wake alikuwa na kila karatasi, cheti cha polisi chenye picha na mhuri kimebandikwa ofisini kwa mkuu wa shule, tulionyeshwa siku ya kikao cha wazazi tukapiga na makofi. Sasa siku hiyo mvua ilinyesha, watoto hufika saa kumi na moja, ikapita, saa kumi na mbili ikapita, napiga kwa dereva simu imezimwa, napiga kwa matroni ananiambia mama leo mimi naumwa sijapanda gari. Hapo ndio miguu iliniishia. Wazazi tukaanza kupigiana, mmoja akachukua bodaboda kuelekea Goba mwingine akashuka Wazo, mimi nimevaa kandambili sijui hata nyumba nimefunga au sijafunga. Tumewapata saa mbili na robo usiku kwenye sheli Goba, gari limeisha mafuta, ndani watoto kumi na moja giza totoro, mwanangu mdogo amelala kwenye siti amekumbatia viatu vyake vimelowa, na kwenye usukani kijana ambaye hakuna mzazi hata mmoja anamjua. Kumuuliza anasema yeye ni deiwaka, suka kamwachia gari tangu mchana kaenda msibani, njia haijui, alikuwa anawauliza watoto "kwenu wapi" na wa chekechea anamjibu kwetu kuna mbwa. Watoto hawakuguswa, namshukuru Mungu. Lakini kile cheti pale ukutani kilikuwa cha nani?

Dada wa Kinyerezi
Nimesoma mwili unasisimka.

Kipanya cha Jioni
"Kwetu kuna mbwa" 😭 nisamehe mama nimecheka na chozi limetoka.

Binti Makini
Dereva alifukuzwa?

Mama Wawili Madale
Alihamia shule nyingine. Na cheti chake.

Mbeba Boksi Texas
Huku naendesha basi la shule, alama zilichukuliwa kwenye kioo cha mashine, hakuna wino, zikapelekwa mpaka FBI. Tena kwenye leseni, basi la shule lina kibali chake mbali na kile cha kubeba abiria. Kwa teksi za mtandaoni ndio kulikuwa na vita, hapa Texas mji wa Austin 2016, mji uliposema dereva wa Uber apimwe vidole, ikapigwa kura, Uber ikashindwa ikafunga virago, ikarudi 2017 baada ya jimbo kutunga sheria ya kuufunika mji. Ila msidanganyike, vidole vinamsema aliyewahi kukamatwa. Ambaye hajakamatwa anatoka msafi kama malaika.

Kijiwe Nongwa
Texas umeanza. Huku deiwaka anashikishwa usukani wa daladala na konda wakati suka anakunywa supu.

Mzee wa Tabata
Hapo umesema la maana leo. Mama Madale, mimi wajukuu wangu dereva namjua sura, kila asubuhi nasogea mlangoni namsalimia kwa jina. Nikiona sura ngeni mtoto hapandi, nampakia bajaji.

Mama Saluni
Bajaji nayo ya nani, mzee?

Mzee wa Tabata
…

Suka Mstaafu
Wakuu nimewasoma wote. Ya 2012 nimeamua nimwambie mwenye shule mwenyewe kabla hajaiona. Kesho saa tatu naenda, nimeshapaka mafuta ya nazi mpaka kwenye viwiko.

Mama Saluni
Kesho usipake!! Wino hautashika. Kanawe.