Tiketi imeandikwa DDU, jamaa anasema nishuke Mughalsarai. Ni stesheni moja au mbili?

Kijana_wa_Ngamiani
Habari za jioni wakuu. Wiki ijayo natoka New Delhi kwenda kumcheki jamaa yangu anasoma BHU (Banaras Hindu University) pale Varanasi, India. Treni za moja kwa moja zote zimejaa, kila nikigusa ni WL (waiting list, foleni ya kusubiri nafasi) tu, nikapata kitanda kwenye ya kwenda Howrah ambayo Varanasi haipiti. Jamaa akaniambia we shuka Mughalsarai utakuwa umefika. Sasa kwenye tiketi Mughalsarai haipo kabisa, imeandikwa Pt Deen Dayal Upadhyaya Jn (DDU), na jamaa yuko kwenye mitihani simu hapokei. Halafu inafika 02:35 usiku na nasikia hiyo stesheni ni balaa kwa watu. Mwenye kuijua anitoe wasiwasi.

Baharia_Mstaafu
Tulia mkuu, ni hapo hapo. Jina lilibadilishwa 2018, wakaipa la mwanasiasa aliyekutwa amekufa kando ya reli karibu na stesheni hiyo mwezi wa pili 1968, na herufi za kifupi za stesheni zikatoka MGS zikawa DDU. Ila dereva wa bajaji, muuza chai, kuli, kwao bado ni Mughalsarai, hilo refu liko kwenye mabango na tiketi. Ukiwa unatafuta kwenye app andika DDU, ukiongea na watu sema Mughalsarai, basi.

Kuhusu watu wengi, lazima wawe wengi. Kutoka mashariki zinaingia njia mbili hapo, ya Patna na ya Gaya, upande wa magharibi zinatoka mbili, moja inapita mji wa Prayagraj mpaka Delhi na nyingine inavuka mto Ganga kwenda Varanasi. Weka na mizigo sasa, makaa ya mawe ya jimbo la Jharkhand yanayokwenda kaskazini yanapita hapo, yadi yake ya kupanga mabehewa ni kati ya kubwa kabisa Asia. Usiku na mchana ni yale yale.

mama_Salha
Mdogo wangu, cha kuogopa siyo watu, ni tarehe. Hiyo 02:35 ni usiku wa kuamkia siku ya pili, kwa kwenda haikusumbui maana umeshapanda. Kwenye kurudi ndo utalia. Ukikata treni inayotoka DDU 00:40 tarehe 20 ujue ni usiku wa kuamkia tarehe 20, yaani tarehe 19 ukishakula chakula cha usiku unabeba begi unaenda stesheni. Nimeona vijana wetu wanakuja tarehe 20 usiku wamevaa vizuri na tiketi mkononi, treni imeondoka jana yake.

Na weka alamu, usitegemee mtu atakuja kukuamsha kitandani. Kama ni mwezi wa 12 au wa kwanza, ukungu wa kule unachelewesha treni masaa na masaa, hiyo saa nane usiku inaweza ikawa saa nne asubuhi. Fuatilia treni kwenye simu, usishuke kwa kuangalia saa tu.

Chogo_Express
Si angesubiri tu apate Vande Bharat, ile treni ya kasi, New Delhi mpaka Varanasi masaa kama nane, anakaa kama mfalme

Kijana_wa_Ngamiani
@Chogo_Express kaka hiyo nayo WL, na WL ya mtandaoni chati (orodha ya mwisho ya abiria) ikitoka hujapata nafasi tiketi inajifuta yenyewe hela zinarudi. Siwezi kubahatisha.

Asanteni sana wengine. Sasa saa nane usiku na begi langu nafanyaje?

Baharia_Mstaafu
Ukishuka usitoke nje. Nenda chumba cha kusubiria, shika tiketi yako mkononi, kaa mpaka kupambazuke. Utakuta watu wametandika shuka chini platifomu nzima, familia na watoto na ndoo za chakula, usishangae wala usiwaruke, zunguka. Siyo kama SGR yetu ya Dar ambayo bila tiketi na ukaguzi huingii. Makuli ni wale wa shati jekundu wenye kibati cha namba mkononi, mpatane bei KABLA hajaliinua begi, likishakaa kichwani bei ni yake.

Asubuhi bajaji za kuchangia zipo nje tele. Wengi watakupeleka Varanasi kwa daraja la Malviya, lile la 1887, treni zinapita chini magari juu, zuri kuliona lakini linakushusha upande wa kaskazini wa mji na foleni zake. BHU iko kusini. Mwambie dereva apite Ramnagar, avuke daraja la Samne Ghat, akushushe mtaa wa Lanka kwenye geti la chuo. Akisema hakuna njia huko tafuta mwingine.

mama_Salha
Hapo kwa Ramnagar umemsaidia sana. Na kunywa chai ya kikombe cha udongo wakati unasubiri, ila uwe na chenji, noti kubwa usiku ule hawakurudishii.

Kijana_wa_Ngamiani
Ramnagar, Samne Ghat, Lanka. Nimeandika. Ya kurudi naenda kuiangalia tarehe sasa hivi maana nilishaikata na inaondoka 00:25 😅