Afisa utumishi anapiga simu polisi na kusomewa faili lako. Nani kampa ruhusa hiyo?

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mtanivumilia nikizidisha ukali.

Mdogo wangu aliwahi kushitakiwa kwa wizi kazini. Kesi ikasikilizwa mpaka mwisho, hakimu akasema upande wa mashtaka umeshindwa kuthibitisha, akaachiwa huru. Miaka imepita. Hivi karibuni kafaulu usaili sehemu nyingine, kaambiwa aje kusaini mkataba, halafu ghafla anajulishwa nafasi imesitishwa. Hakupewa sababu. Mtu wa ndani ya ofisi hiyo ndiye aliyetupasulia: afisa utumishi alimpigia jamaa yake aliyeko polisi, jamaa akaingiza jina kwenye mfumo na kumsomea alichokiona. Na alichokiona ni kwamba huyu aliwahi kukamatwa kwa wizi. Kwamba mahakama ilimwachia, hicho hakikusomwa.

Hakuna fomu iliyojazwa. Hakuna ridhaa iliyoombwa. Hakuna karatasi yoyote ambayo mdogo wangu anaweza kuishika na kusema, hii ndiyo iliyoninyima kazi, nataka kuipinga.

Sasa nataka tuongee kuhusu nani hasa ana haki ya kuona rekodi ya jinai ya mtu, maana naona watu wengi, wakiwemo wasomi, wanaamini faili la polisi ni mali ya yeyote mwenye jamaa polisi.

Polisi wanaopeleleza wanaiona, na ni sawa. Mwendesha mashtaka anaiona. Hakimu anaiona, hasa wakati wa kupanga adhabu. Magereza wana sehemu yao. Wewe mwenyewe unayo haki ya kuomba yako. Hapo sina ugomvi na mtu. Lakini hata hao wanaiona kwa sababu ya kazi iliyo mbele yao, siyo kwa sababu wana nywila. Askari anayefungua faili la jirani yake au la mchumba wa dada yake anavunja sheria hata kama hakumwambia mtu yeyote. Uingereza kuna polisi walioshitakiwa na kutiwa hatiani kwa jambo hilo hilo, kwa kutumia Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 1990. Kosa lilikuwa kufungua tu bila sababu ya kikazi.

Mwajiri hayumo kwenye kundi hilo. Mwajiri ni mtu wa nje. Anaruhusiwa kujua kile tu ambacho sheria imemfungulia, kwa njia iliyowekwa, nawe ukiwa unajua. Tazameni Ufaransa walivyolipanga. Rekodi moja inatolewa kwa vipande vitatu. Kipande cha kwanza, chenye kila kitu, ni cha mahakama peke yake. Cha pili kimepunguzwa, kinakwenda kwa baadhi ya mamlaka na kwa kazi maalumu, kwa mfano zinazogusa watoto. Cha tatu kina hukumu nzito tu, na anayeweza kukiomba ni mwenye jina mwenyewe. Mwajiri wa kawaida akitaka kukagua, anaishia kwenye hicho cha tatu, tena mpaka wewe ukilete.

Kwa Uingereza na Wales ukaguzi una ngazi. Ule wa juu kabisa, unaoweza kubeba mpaka taarifa za polisi ambazo hazikufika mahakamani, hauombwi kwa kazi yoyote tu. Lazima kazi iwe kwenye orodha ya sheria, kama kulea watoto au kuhudumia watu wasiojiweza. Kwa kazi za kawaida kinachoonekana ni hukumu ambazo muda wake haujaisha. Tangu Sheria ya mwaka 1974 ya kuwarejesha wakosaji kwenye jamii, hukumu nyingi zikishapita muda uliowekwa, mtu anaruhusiwa kujibu kwamba hana hatia yoyote, na sheria inamlinda. Kumbukeni hao ni watu waliotiwa hatiani kweli! Mdogo wangu hakutiwa hatiani na bado kanyimwa kazi.

Najua mtu atakuja na hoja ya Marekani, kwamba kule rekodi ziko wazi. Sehemu ni kweli. Majalada ya mahakama mengi yako wazi na kuna kampuni zinazoyakusanya na kuyauza. Lakini hata huko, kwa sheria ya mwaka 1970 ya ripoti za watumiaji, yaani ripoti za taarifa za watu zinazouzwa na kampuni kama hizo, mwajiri anayenunua ripoti hiyo lazima akujulishe kwa maandishi, apate ridhaa yako ya maandishi, na kabla hajakunyima kazi kwa sababu yake akupe nakala uisome. Kukamatwa ambako hakukuishia kwenye hatia hakutakiwi kuwekwa kwenye ripoti baada ya miaka 7, ukiondoa kazi za mishahara mikubwa. Mdogo wangu angepewa nakala ile, angeweka hukumu yake mezani siku hiyo hiyo na mambo yangeisha.

Na hapa ndipo panaponichoma zaidi. Simu ya pembeni haina nakala. Taarifa ya mdomo haisahihishiki, na nusu yake ikiachwa hakuna wa kujua. Rekodi ya polisi mara nyingi huandikwa siku ya kukamatwa kwa bidii zote, halafu matokeo ya kesi yanasahaulika kupelekwa. Mtu anabaki na mwanzo wa hadithi usio na mwisho, na kila anayechungulia anajimalizia mwenyewe. Azimio la Umoja wa Mataifa la Haki za Binadamu la mwaka 1948, kifungu cha 11, linasema mshitakiwa ahesabiwe hana hatia mpaka ithibitishwe. Aliyekwisha kuachiwa na mahakama tumhesabuje?

Kuna ujanja mwingine ninaousikia kwa watu, nao naupinga kwa nguvu ile ile. Mwajiri au mwenye nyumba anakwambia, nenda wewe ukaombe rekodi yako yote kwa haki yako ya kuona taarifa zako, kisha niletee. Yaani haki uliyopewa ikulinde inageuzwa kuwa kamba ya kukuvutia. Uingereza wamelifanya kosa la jinai kumlazimisha mtu hivyo kama sharti la kazi, kupitia Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2018, kifungu cha 184. Cheti cha tabia njema kilichowekwa na sheria ni jambo tofauti, kina mipaka yake. Lakini faili zima? Mwenye nyumba anataka kodi yake, hayo mengine ya nini?

Wenye "kama huna cha kuficha unaogopa nini", naomba mnisome vizuri. Sisemi mwalimu wa chekechea asikaguliwe. Akaguliwe, tena kikamilifu, kwa utaratibu ulioandikwa. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya ulinzi wa data, iliyoanza kutumika Mei 2018, inasema kifungu cha 10 kwamba taarifa za hatia na makosa zishughulikiwe chini ya usimamizi wa mamlaka ya umma au pale sheria inaporuhusu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 inahesabu taarifa zinazohusu makosa kuwa taarifa nyeti. Kwa hiyo msiniambie haya ni mambo ya kizungu yasiyotuhusu.

Tumemwandikia mwajiri kuomba sababu ya kusitisha nafasi. Kimya. Tumeandika pia kuomba orodha ya kila aliyelifungua faili la mdogo wangu, tarehe na sababu aliyoiweka, kwa kuwa mfumo wa aina hiyo ukiendeshwa inavyotakiwa unaweka alama kila mtu anapoingia. Tunasubiri.

Mawakili mliomo humu, naomba jibu moja: tuanze na askari aliyesoma, au na afisa utumishi aliyepiga simu, au tuwaunganishe wote kwenye lalamiko moja? Na yule mtu wa ndani aliyetuambia, anaweza kutoa maelezo bila jina lake kufika kwa mwajiri? Anaogopa kufukuzwa, na sitaki apoteze kazi kwa kutusaidia.

Kama na wewe umenyimwa kazi au nyumba kwa simu ya namna hii, eleza ilivyokuwa na ulilalamika wapi. Majina ya ofisi yaacheni kwanza mpaka tupate ushauri.