Wanachuo wa biashara na "kugusa jamii" huku Bagamoyo: wanatusaidia, au sisi ndo tunawasaidia kupata maksi?

Wadau salaam. Kila likizo wanashuka wanachuo wa biashara kutoka Dar wanakuja kwa akinamama wa mwani Mlingotini, wanasema hawasomei faida tu wanataka kugusa jamii, sawa, nia njema sina ugomvi nayo. Safari hii wamekuja na wazo la sabuni ya mwani, lebo imeshachorwa kabisa, wakawakalisha akinamama kwenye viti asubuhi ya bamvua, maji yamekupwa, yaani saa zilezile za kazi. Mama mmoja akanyanyuka katikati ya presentesheni akakaza kanga akaenda zake pwani.

Mi nasema msomi wa biashara asije na mradi, aje na kalamu. Daftari la kikundi lina hisa, marejesho na pesa za misiba, vyote vimerundikwa ukurasa mmoja. Ile mikopo ya halmashauri ya asilimia 10 ya mapato yake ya ndani (4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu) ilisimamishwa 2023 ikarudi, ila bila usajili, katiba na andiko la kueleweka huipati, mama akikwama anakimbilia kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba ya kuumiza. Hilo andiko mwanachuo si analiweza? Mnasemaje?

Mtu wa Dunda: Unawaonea bwana. Yunus wa Bangladesh alikuwa mwalimu wa uchumi chuoni, akatoka darasani akaingia kijiji cha Jobra, 1976 akakopesha watu 42 dola 27 tu za mfukoni mwake, leo unaisikia Grameen Bank, benki yake ya kukopesha maskini, na Nobel kapata 2006. Naye angeambiwa abaki na kalamu?

Mleta mada: Kaka huo mfano umenipa mimi. Alianza na orodha ya nani anadaiwa kiasi gani, na aliyeizungukia kijijini kuiandika ni mwanafunzi wake. Sabuni hakupeleka.

Bi Mkubwa: Mie ndo mlimaji mwenyewe. Wanangu msituone hatujui hesabu. Kamba na taitai, vile vijikamba vya kufungia mwani, anatupa mnunuzi, kwa hiyo mwani unamuuzia yeye kwa bei yake, utaenda wapi. Mwani aina ya cottonii ndo wenye bei lakini maji yakipata joto unaoza wote, tunabaki na aina ya spinosum ya bei chee. Daftari hata ulipambe maua bei haipandi. Wasomi watutafutie mnunuzi wa pili, basi.

Dogo wa fildi: Shikamoo Bi Mkubwa. Wakubwa mnatulaumu bure, mimi nasoma hiyohiyo biashara, fildi ni wiki chache, msimamizi anapita mara moja na kwenye fomu kuna maksi za ubunifu. Nikiandika nimepanga daftari la kikundi atanipa ngapi? Ndo maana watu wanaleta sabuni.

Mtu wa Dunda: Duh, hapo sasa kesi imehamia chuoni.

Mleta mada: Imehamia haswa. Dogo kama hiyo fomu unayo ipige picha uiweke hapa tuione. Na Bi Mkubwa, shikamoo, hizo kamba na taitai mnapewa bure au zinakatwa kwenye kilo?

Bi Mkubwa: Marahaba. Wanasema bure. Ila mwenye kamba zake anauza bei ya juu kuliko sisi, sasa piga hesabu mwenyewe mwanangu.