Mjadala: Je, fundi akubali kuzima sensa ya noki kwa kuwa mwenye gari ameomba?

Ndugu zangu, hoja iliyoletwa ni kwamba mwenye Subaru Impreza au Forester yenye turbo, yaani pampu inayosukuma hewa zaidi kwenye injini, ana haki ya kumwagiza fundi azime udhibiti wa noki, yaani mlipuko usiotakiwa ndani ya silinda, katika kompyuta ya injini, kwa kuwa gari ni lake na kwa kuwa sensa hiyo, kama walivyosema waliotangulia, inaiba nguvu. Wengine wameongeza kuwa sensa hudanganywa na kelele nyingine. Napinga hoja hii, ingawa sehemu yake ya pili ina ukweli.

Cheche huwashwa kabla pistoni haijafika juu kwa sababu mchanganyiko wa petroli na hewa huhitaji muda wa kuungua, na nguvu nyingi zaidi hupatikana pale shinikizo linapofika kilele takriban nyuzi 15 za mzunguko wa krenki baada ya pistoni kuanza kushuka. Ukiwahisha cheche kupita kiasi, ile sehemu ya mchanganyiko ambayo moto haujaifikia hubanwa na kupashwa joto hadi ikajilipukia yenyewe, na mawimbi yake hupiga kuta za silinda; hiyo ndiyo noki. Katika EJ20, mojawapo ya injini za Subaru hizo, ambayo silinda zake zina kipenyo cha milimita 92, mlio huo huwa wa hezi 6,000 na zaidi kidogo. Sensa iliyofungwa kwenye bloku huusikia, kompyuta ikachelewesha cheche kwa nyuzi chache, kisha ikairudisha taratibu. Jambo hili si geni. Buick, watengenezaji magari wa Marekani, walikuwa nalo kwenye injini yao ya V6 ya turbo mwaka 1978.

Je, hapo nguvu imeibwa? Injini ya turbo inayotumia petroli ya oktani ndogo, yaani yenye uwezo mdogo wa kuhimili noki, hufika kwenye mpaka wa noki kabla haijafika kwenye taimingi (wakati wa kuwasha cheche) inayoipa nguvu nyingi zaidi. Impreza za STI, toleo lao la nguvu zaidi, zilipangwa Japani kwa petroli ya daraja la juu, ambayo huko huuzwa ikiwa na oktani hadi 100, na petroli ya vituo vyetu vingi haifiki hapo. Nyuzi zinazoondolewa na sensa ni zile ambazo petroli iliyomo kwenye tangi haiwezi kuzibeba.

Fikirieni gari lililopangwa Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ambako shinikizo la hewa ni kilopaskali 82 hivi, kisha mwenyewe akateremka nalo Mombasa, ambako ni 101. Ikiwa turbo inadhibitiwa na springi ya westigeti (vali inayopunguza msukumo wa turbo) peke yake, hewa inayoingia kwenye silinda inaongezeka, joto la pwani nalo linapanda juu yake, na kompyuta inaanza kusoma visanduku vya jedwali la taimingi ambavyo fundi wa Nairobi hakupata hata nafasi ya kuvijaribu. Petroli nayo itakuwa ile iliyopatikana njiani. Sensa ikiwa hai, cheche inachelewa na dereva anahisi uzito kidogo. Ikiwa imezimwa, hakuna kinachozuia, na injini ikifunguliwa unakuta ukingo wa pistoni una vijishimo kama bati lililoliwa na chumvi, na ule ukuta mwembamba kati ya ringi umepasuka.

Sasa kuhusu kelele. Ni kweli kwamba pistoni za kufuliwa (forged) hugonga kuta zikiwa baridi, kwamba maunti ngumu zinazoshikilia injini hupitisha mitetemo, na kwamba kinga ya joto ya eksozi iliyolegea inaweza kuidanganya sensa. Hata bolti ya sensa yenyewe, ambayo hukazwa kwa takriban nyutoni-mita 20, ikikazwa ovyo huharibu usikivu wake. Lakini tiba yake ni fundi kuisikiliza bloku kwa vifaa vya masikioni, kutafuta chanzo cha kelele, kisha kurekebisha kiwango cha usikivu kwa kila kasi ya mzunguko wa injini. Kazi hiyo inachukua muda, na ndiyo anayolipwa. Ninawapinga vilevile wanaowahisha cheche hadi ukingoni wakisema sensa itawaokoa, kwani sensa husikia noki ikiwa imeshatokea.

Hoja ya haki ya mwenye gari ingekuwa na uzito zaidi kama magari haya yasingeuzwa. Yanauzwa, tena mara nyingi, na mnunuzi anayelipa fedha zake zote hawezi kuona kwa macho kwamba programu imebadilishwa. Kwa hiyo napendekeza fundi yeyote anayegusa taimingi amkabidhi mteja rekodi ya marekebisho ya noki gari likiwa chini ya mzigo, pamoja na maandishi ya oktani aliyotumia na mahali alipolipangia gari. Nawauliza wanaotetea kuzima sensa: mko tayari kuliandika hilo kwenye risiti, ili mnunuzi wa pili naye alisome?