Jiko la presha la jeshi linanguruma na tangi linapata moto: naomba ushauri kabla ya safari

Msafiri wa Naro Moru: Wanajukwaa, salaam. Nina jiko la shaba lililotumiwa na Jeshi la Uingereza. Kitako chake kimegongwa alama ya mshale mpana na mwaka 1944. Nimebadilisha ngozi ya pampu na kuilowesha mafuta ya cherehani, nimezibua nozeli kwa sindano yake, lakini moto bado unapanda na kushuka kwa mngurumo, na tangi linapata joto hadi halishikiki. Wiki ijayo ninawapeleka vijana Mlima Kenya kupitia Sirimon. Je, washa ya risasi (pete laini ya madini ya kuziba kiungio) iliyo chini ya kichomeo ndiyo mbovu?

Fundi Mstaafu: Washa hiyo ikivuja, utaona kimoto cha pembeni kwenye shina la kichomeo. Jiko likiwa baridi, lijaze upepo kidogo, paka povu la sabuni kwenye viungio vyote, kisha tazama ni wapi panapotoa mapovu. Kagua pia valvu ya ndani mwishoni mwa pampu, kwa maana kipira chake kikikauka, mafuta hurudi nyuma na mkono wa pampu husukumwa nje wenyewe.

Binti wa Lamu: Marehemu bibi alikuwa akipikia mahamri jiko kama hilo, na hakumruhusu mtoto yeyote kusogea mpaka spiriti ya kuwashia iishe kabisa kwenye kikombe kilicho chini ya kichomeo. Vijana wa leo mnataka kupiga pampu kabla kichomeo hakijapata moto, kisha mnashangaa miali ya njano ikifika darini.

Mzoefu wa Mlima: Mimi ningehofia zaidi chakula. Kambi ya Shipton's iko mita 4,200 hivi, na huko maji huchemka kwenye nyuzi joto 86 tu, kwa hiyo maharagwe yatawashinda. Mwaka mmoja tulishinda na sufuria ya githeri tangu adhuhuri, na usiku tukala biskuti.

Dada Wakesho: Kaka, mbona hujatueleza unatia mafuta gani, wala unapunguzaje moto?

Msafiri wa Naro Moru: Moto ninaupunguza kwa kulegeza skrubu ya hewa iliyo kwenye kifuniko, kwani jiko halina kitasa kingine. Mafuta si tatizo. Hata nilipotumia aina nyingine lilikuwa na matata.

Dada Wakesho: Mafuta gani, kaka?

Msafiri wa Naro Moru: Petroli. Naomba mnielewe kabla ya kunihukumu. Tangu serikali iweke tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018, unafuu wake umekwisha, na mimi nina pikipiki, hivyo dumu moja linatosha mahitaji yote. Isitoshe, majiko mengi ya jeshi hutumia petroli.

Fundi Mstaafu: Mwanangu, yapo ya petroli, lakini hilo si mojawapo. Jiko linalopunguzwa kwa skrubu ya hewa ni la mafuta ya taa, la mtindo ulioanzishwa Stockholm mwaka 1892. Mafuta ya taa hayatoi mvuke wa kuwaka mpaka yapashwe joto, ilhali petroli hutoa mvuke huo hata kwenye baridi kali. Tangi likipashwa na kichomeo, petroli iliyomo hujiongezea presha yenyewe bila pampu, na huo ndio mngurumo unaousikia. Halafu wewe, ili kupunguza moto, unafungua skrubu na kuutoa mvuke huohuo kando ya mwali. Usiliwashe tena.

Mchunguzi: Naona hadithi imetungwa. Mtu anayejua kuzibua nozeli na kulowesha ngozi hawezi kukosa kujua hilo, na jiko la namna hiyo lingekwisha kulipuka siku ya kwanza.

Dada Wakesho: Si lazima lilipuke siku ya kwanza, hasa likiwashwa kwa muda mfupi tu nje penye upepo. Hata kama ameitunga, kuna atakayeisoma akiwa na dumu mkononi.

Msafiri wa Naro Moru: Sijatunga. Nimeliwasha uani tu, kwa chai, na mara ya mwisho mwali ulirukia kwenye kifuniko nilipolegeza skrubu. Rangi ya mkono wa sufuria imebabuka upande huo. Petroli nitaitoa leo, lakini jiko nitalibeba, kwa sababu vijana wamekwisha kuchangia safari na sina fedha za kukodi la gesi.

Fundi Mstaafu: Basi itoe ukiwa nje, mbali na moto wowote, uliache tangi wazi kwa siku nzima, kisha ulisuuze kwa mafuta ya taa kidogo na kuyamwaga hayo pia. Badilisha mpira wa kifuniko, maana petroli huenda imekwisha kuulainisha. Ukijaza, usivuke robo tatu ya tangi. Upikie nje ya hema hata kukiwa na upepo. Kinga kwa mawe, ila usilizingire tangi. Na ununue spiriti ya kuwashia, usije ukatia petroli kwenye kikombe.

Msafiri wa Naro Moru: Spiriti hiyo naweza kuipata Nanyuki, au niibebe kutoka hapa?

Mzoefu wa Mlima: Ibebe, na uitie kwenye chupa isiyofanana na ya maji.